Kamati ya Mizigo na Sponji ya Saba

Ifahamike kwa wasafiri wote kwamba kuanzia msimu huu vyombo vya uvuvi havitabebwa tena. Vitasafirishwa.

Ndivyo ulivyoanza Waraka Namba Moja wa Kamati ya Mizigo, uliobandikwa karibu na mlango wa choo katika baa moja ya Halvor Creek, kaskazini mwa Minnesota, mahali ambapo kila msafiri angepita angalau mara mbili kwa jioni. Aliyeuandika ni Verlyn Stangeland, mwenyekiti wa kamati hiyo. Alikuwa pia katibu wake na mjumbe wake pekee. Alichaguliwa kwa kauli moja, yaani yake, siku ambayo wenzake saba walikuwa wametoka nje kutazama samaki wa mtu.

Sifa alikuwa nazo. Kwa miaka thelathini na moja alitoa vibali vya malori yenye mizigo mikubwa katika ofisi ya barabara ya kaunti, na katika muda wote huo hakuna lori hata moja lililopinduka mezani pake. Alipostaafu, nyumba ikawa kimya. Mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki, na hapakuwa na kiumbe aliyehitaji sahihi yake. Kwa hiyo safari ya kila Juni, ya watu wanane kwenda kuvua wiki nzima kwenye ziwa moja huko Ontario, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imemkaa moyoni kuliko alivyotaka watu wajue.

Rafiki yake tangu shule, Arlo Pribyl, ndiye mwenye pikapu na trela. Majira ya baridi yaliyopita Arlo alipasuliwa moyo, na tangu hapo alikuwa mtu wa maneno machache.

"Verlyn," alimwambia, "mwaka jana tulivua siku mbili, siku tatu tukafungua kamba zako. Mashua ya kutuvusha ziwa hadi kambini inaondoka saa kumi na moja jioni, halafu hairudi hadi siku ya tatu. Nikiikosa mwaka huu, mwakani usinihesabu."

Verlyn alilipokea onyo hilo kwa uzito unaostahili. Aliongeza kurasa.

Daftari la mizigo likafika kurasa sitini na moja, vitu mia nne na kumi na viwili. Kila kitu kilipimwa kwenye mizani ya bafuni, kikabandikwa namba, kikaandikwa kundi lake. Asubuhi ya safari wenzake walipanga foleni uani kwa Verlyn, kila mmoja na vyake mkononi. Lorna, mke wa Arlo na mpishi wa msafara, alifika mezani na kikaango cha chuma.

"Shemeji, hicho kina uzito gani?"

"Uzito wa kukaangia."

"Nahitaji namba. Na sijui nikiweke Vyombo vya Jikoni au Vyuma Vizito."

"Sogeza kichwa, tutajua sasa hivi."

Kikaango kiliandikwa namba 96, Vyuma Vizito, na mbele yake alama ya tahadhari.

Waliondoka wakiwa wamechelewa kwa muda wa saa mbili, jambo ambalo ratiba ilikuwa imelitaja kama "muda wa utayari". Arlo na Lorna walitangulia na pikapu iliyovuta trela. Wengine walifuata kwa gari dogo la abiria. Kila maili hamsini msafara ulisimama kukaguliwa kamba, na baada ya kila ukaguzi mwenyekiti alihamia gari lingine ili asionekane anapendelea upande. Arlo alikuwa akitazama saa yake, kisha barabara, kisha saa yake.

Saa sita mchana wakafika mpakani. Mbele yao kulikuwa na vijana wanne na mtumbwi uliofungwa juu ya gari kwa kamba ya kuanikia nguo. Mbwa alikuwa amekalia chakula chao. Afisa wa forodha aliwauliza mnakwenda wapi na mna nini, wakajibu kuvua na vitu vya kuvulia, akawapungia mkono. Verlyn aliona aibu kwa niaba ya mataifa yote mawili.

Zamu yao ikafika. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Thibeault, mwenye kalamu tatu mfukoni, kila moja na rangi yake.

"Mmebeba nini?"

Arlo akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mkono wa Verlyn ulipita mbele ya pua yake na daftari.

Thibeault alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi," Verlyn alisema, na kifua kikamjaa. Miaka thelathini na moja, na hatimaye mtu alikuwa anasoma.

"Kazi safi sana. Egesheni pale. Shusheni kila kitu."

"Kila kitu?"

"Umekitaja, mzee. Kilichotajwa kwa maandishi hukaguliwa kwa maandishi."

Hilo lilikuwa sahihi kabisa, na Verlyn ndiye mtu pekee katika msafara aliyelifurahia. Vitu vikapangwa kwenye lami kwa mpangilio wa namba: fimbo za kuvulia, majaketi okozi, makasha ya barafu, makopo ya nyungunyungu. Thibeault alisoma, Verlyn akaonyesha, Thibeault akatia alama. Walifanya kazi kama watu waliooana zamani. Huku nyuma magari yalikuwa yakipita, moja likivuta boti lenye kochi ndani.

Saa nane wakafika namba 288.

"Sponji za kuoshea vyombo, sita," alisoma Thibeault. Akahesabu. Akahesabu tena. "Ziko saba."

"Basi tumezidisha moja," Lorna alisema kutoka kwenye kivuli cha trela. "Ichukue, mama. Zawadi."

Thibeault alimgeukia Verlyn, si Lorna. "Kilichopungua huenda kimepotea njiani. Kilichozidi kimetoka wapi?"

Verlyn alifahamu swali hilo. Aliwahi kumuuliza dereva mmoja wa lori la mbao swali kama hilo, Novemba moja, na yule bwana alilala siku mbili kwenye lori lake akisubiri kibali.

"Naweza kuitupa," alisema.

"Kutupa ni kuharibu ushahidi. Andika maelezo. Msimamizi wangu atayapitia."

"Yupo?"

"Anarudi kesho."

Upepo uligeuza kurasa za daftari. Verlyn akashusha sauti, na maneno yaliyomtoka hakuwa amewahi kuyatamka maishani mwake, ingawa alikuwa ameyasikia mara nyingi mno kutoka ng'ambo ya meza.

"Afisa, hakuna namna nyingine?"

"Ipo. Daftari ni lako. Unaweza kuliondoa, ukataja mizigo kwa mdomo kama wengine."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipofika."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza." Thibeault aligonga kalamu kwenye jalada, kisha akasema taratibu, "Na pia limeandikwa vizuri. Nilitaka kuona linavyoishia."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Verlyn jambo zuri kama hilo. Akatazama kurasa ishirini zilizobaki. Kisha akamtazama Arlo, ambaye alikuwa amekaa juu ya kasha la barafu namba 14, mkono mmoja ndani ya shati, juu ya mshono. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha jiondoa kwenye orodha.

Verlyn akalifunga daftari.

"Vitu vya kuvulia," alisema. "Chakula. Na bia."

"Nendeni. Wewe ingia ofisini utie sahihi fomu ya kuondoa daftari."

Wakati anaingia alisikia nyuma yake jinsi trela lilivyokuwa likipakiwa. Vitu vilikuwa vikirushwa. Kitu cha kundi la Vyuma Vizito kiligonga kitu cha kundi la Vinavyovunjika, na mtu akacheka. Alitia sahihi nakala tatu bila kugeuka.

Alipotoka, pale kwenye lami palikuwa peupe. Gari dogo halikuwepo. Pikapu haikuwepo. Waliokuwa kwenye pikapu walidhani yuko kwenye gari dogo, na wa gari dogo walidhani yuko kwenye pikapu; na katika kurasa sitini na moja hapakuwa na ukurasa wa watu.

Thibeault alitoka kibandani. "Mzee, wewe uko na nani?"

"Nilikuwa na hao."

"Una mzigo wowote wa kutaja?"

Verlyn akajipapasa. Daftari lilibaki ofisini, kwa mujibu wa taratibu. Mfukoni alikuwa na miwani ya kusomea.

"Sina."

"Pita."

Ilichukua sekunde nne. Akaanza kutembea kando ya barabara kati ya misonobari, mbu wakimpokea, akijiambia kwamba kama wasingerudi asingekuwa na pa kulalamika, kwa kuwa idara inayohusika ni yeye.

Alikuwa amekwenda kama maili mbili alipoiona pikapu ikija, trela likipiga kelele kama jiko lililoanguka ngazini. Arlo akasimama.

"Wengine wametangulia kumzuia mwenye mashua," alisema. "Amekubali kwa simu robo saa ya ziada."

"Mlijuaje sipo?"

"Tulikwenda maili kumi na tano kwa raha," Lorna alijibu. "Nikamuuliza Arlo, raha hii imetoka wapi?"

Arlo akacheka, mkono juu ya mshono. Verlyn hakuwa amemsikia akicheka tangu kabla ya hospitali. Akazunguka kwenda kufungua mlango wa mbele, lakini palikuwa na Lorna na magunia ya viazi.

"Nyuma, bwana," Arlo alisema.

Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na mahema na makopo ya nyungunyungu. Mwenyekiti wa Kamati ya Mizigo akasukumwa katikati, akapewa kikaango akipakate, akawekewa majaketi okozi mawili kichwani kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuyaweka. Lorna akaufunga mlango kwa nyonga, mara mbili, ndipo ukakubali.

Gari likaondoka. Baada ya kona ya tatu Arlo akauliza, "Kuna kinachotikisika huko nyuma?"

Lorna aligeuka akatazama.

"Hakuna," alisema. "Kimebana vizuri. Kanyaga mafuta."