Ndoo ya Nepi na Nafasi ya Ratili 157

Alhamisi, 4 Desemba

Dada Lorna, nisamehe. Daftari hili lilinifikia kabla ya sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga mwezi Novemba, na leo ndiyo nashika kalamu. Tulikubaliana kila mmoja akae nalo wiki mbili, aandike kila siku, kisha alitume kwa mwenzake. Langu lilikuwa chini ya pakiti ya nepi. Opal anaota meno mawili kwa mpigo. Silali. Sina sababu nyingine, na hiyo inatosha.

Habari kubwa: Garrett ndiye namba moja wa chuo katika ratili 157! Miaka mitatu mume wangu amekaa benchi akitafuna barafu ili asinenepe, akishangilia wenzake. Kikosi cha mieleka ni watu kumi, kila uzani mtu mmoja, na sasa mmoja wao ni wa kwangu. Tena Bwana Pruitt, yule muuza chakula cha nguruwe, amekubali kuweka picha ya Garrett kwenye magunia yake. Dola mia tatu na hamsini kila mwezi kuanzia Januari, mradi awe ndani ya kumi. Akitoka kikosini, anatoka guniani.

Nimeshakwenda duka la mitumba. Mashine ya kufulia, nyeupe, ina mkwaruzo mmoja tu. Nimemwambia muuzaji aibandike jina langu. Lorna, nimechoka kubeba ndoo ya nepi kwenye theluji hadi mashine za kulipia, mtoto kifuani, pua imeganda.

Furaha ilidumu hadi saa kumi na mbili jioni. Kocha Dvorak alibisha hodi. Kuna kijana wa Pennsylvania, Micah Brubaker, amemaliza chuo kidogo cha huko kwao na anaweza kuingia kikosini Januari hii hii. Vyuo vitano vinamtongoza. Anakuja kesho na mama yake kututazama, na mama hataki mwanawe alale kwenye nyumba za wanafunzi zenye bia. Je, sisi wenye ndoa na mtoto tungewapokea? Garrett akasema karibu sana. Mimi nikauliza kijana ana uzani gani.

157.

Kocha akaangalia viatu vyake. Garrett akatafuna barafu.

Nimeshaamua. Sitasema uongo, mama hakutulea hivyo. Nitaacha tu kufunika mambo, waone wenyewe na wakimbie.

Ijumaa, 5 Desemba

Sikufagia. Hita ya sebuleni nimezima. Ndoo ya nepi nimeiacha katikati ya njia, kifuniko pembeni. Kochi la mgeni nimelisogeza hadi kwenye kitanda cha Opal, asipitwe na kilio hata kimoja. Chakula: samaki wa kopo na tambi, nikaoka hadi vikawa kitu kimoja.

Wamefika saa kumi na moja. Micah ni mrefu, mpole, masikio yamevimba kama maandazi. Mama Brubaker alivua koti kwenye ile baridi, akasema nyumbani kwao ghorofa ya juu haipashwi moto kabisa, watoto hulala vizuri zaidi. Akairuka ndoo bila kuitazama. Samaki wangu hawakumtisha mtu. Micah yuko kwenye kupunguza uzani, alikula mayai mawili na kunishukuru kwa kutopika kitu cha kumtia majaribuni.

Tumaini langu likabaki kwa Opal. Hakuniangusha, alimtapikia mgeni kifua kizima! Micah akajipangusa kwa mkono wa shati na kuendelea kuongea. Kumbe ni wa tatu kati ya wanane. Mama yake alisema huyu kijana hasikii kilio cha mtoto, kwake ni kama upepo.

Kisha Opal akalala juu ya kifua chake. Sasa ni usiku wa manane, hajaamka. Yule yule anayenikesheza mimi. Msaliti wa ratili kumi na tisa.

Jumamosi, 6 Desemba

Asubuhi kocha aliwatembeza. Ukumbi ulizimwa taa, zikawaka za rangi, moshi ukatoka, jina la Micah likatokea ukutani. Viatu vipya. Hata mimi nilitaka kusajiliwa.

Mchana wanaume walikwenda mazoezini. Nikasema naenda kufua. Mama Brubaker akachukua mshikio mmoja wa ndoo, mimi mwingine, tukaenda. Hapo nikaiona nafasi yangu. Tukiwa tunakunja nepi nikamweleza yote, na yote ni kweli. Garrett akipunguza uzani ni dubu mwenye jino bovu. Hutemea mate kwenye kikombe ndani ya gari ili apungue ratili nusu. Hukimbia palepale bafuni na nguo za plastiki ili atoke jasho, maji ya moto yakifunguliwa, na mimi nasubiri kumwogesha mtoto. Siku ya kupimwa anageuza uso nikila ndizi. Nikamwambia pesa za matangazo zinazosemwa ni za vijana wanaoandikwa magazetini. Sisi tunangojea kuwekwa kwenye gunia la nguruwe, na hilo nalo si hakika.

Alikunja nepi tatu zaidi, polepole. Nikajua nimempata. Kisha akasema:

"Mwanangu, vyuo vinne vimenionyesha taa. Wewe peke yako umenionyesha ndoo."

Nikamwambia pole. Moyoni nikacheza. Mama gani atamwacha mwanawe mahali pa ndoo? Leo nitalala hata saa tano mfululizo, mara ya kwanza tangu Machi.

Jumapili, 7 Desemba

Anakuja! Amesaini!

Ilikuwa kwenye kifungua kinywa, kabla ya kanisa. Mama Brubaker alimwambia kocha kwamba kwingine kote walimkaribisha bingwa, hapa walimkaribisha mtoto wa mtu. Kwamba nyumba inayomwambia mgeni ukweli siku ya pili haitamficha mama habari mwanawe akiugua. Kwamba ni kwa sababu ya huyu binti. Akaninyooshea kijiko.

Kocha alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Amenipa kofia ya timu. Garrett alicheka hadi barafu ikamtoka mdomoni, kisha akaacha kucheka. Nilimshika mkono, akaniachia niushike. Miaka mitatu, Lorna. Mchujo ni tarehe nane Januari, wawili hao mkekani, mshindi anabaki.

Ijumaa, 12 Desemba

Sanduku kutoka Pennsylvania. Nepi za kitambaa dazeni mbili zilizoshonwa kwa mkono, chupa tatu za jamu ya tufaha, na barua ya kunishukuru kwa ukweli wangu. Niliona aibu karibu saa nzima. Kisha Opal akaamka.

Muuzaji wa mitumba amepiga simu. Kuna mtu mwingine anaiulizia mashine. Nikamwambia aguse aone.

Jumatano, 7 Januari

Micah amehamia. Anakula kwetu kila siku kama nilimzaa. Opal akimwona hupiga makofi.

Nimepata wazo, na ni dogo, halimuumizi mtu. Kesho nitakaa upande anaoutazama Micah, na Opal mapajani. Kijana anampenda mno. Akimwona tu, moyo utalegea. Sekunde moja inatosha, Garrett atamaliza mengine.

Alhamisi, 8 Januari

Andika neno baya unalolijua, Lorna, uliweke hapa.

Dakika saba. Garrett alipigana kama mtu anayeona mashine ya kufulia mwisho wa mkeka. Zikabaki sekunde ishirini, anaongoza nne kwa tatu. Opal kimya, anakula biskuti, Micah hajageuka hata mara moja. Nikaingiwa na hofu. Nikamnyang'anya biskuti.

Mungu anisamehe. Nilimrudishia palepale. Lakini alikuwa ameshafungua mdomo, na ukumbi mzima ukasikia.

Micah hakusikia kitu. Upepo! Mama yake aliniambia kwa kinywa chake!

Aliyegeuka ni Garrett. Baba gani asingegeuka? Aligeuza kichwa, mguu ukashikwa, akaenda chini. Sita kwa nne.

Kwenye gari aliuliza mtoto alilia nini. Nikasema meno. Tukafika kwenye taa nyekundu nikashindwa, nikamwambia lile la biskuti. Aliendesha, macho barabarani, hadi tulipoegesha. Nilijua sasa ndiyo nimeharibu kitu ambacho hakifuliki. Akazima gari.

"Mama Opal, siku nyingine ninyang'anye mimi. Mtoto mwachie biskuti yake."

"Wewe huna biskuti, Garrett. Una barafu."

Akacheka. Kisha tukalia kidogo wote wawili, Opal akitutazama na kutafuna.

Jumamosi, 10 Januari

Nilipiga simu kuliondoa jina langu kwenye mashine. Muuzaji hakupokea. Bahati.

Maana Micah, bila kutumwa na mtu, alikwenda kwa kocha. Alisema ameshinda kwa kilio cha mtoto na haoni raha. Alisema mikono ya Garrett si ya 157, ni ya mtu mwenye njaa, na kwamba akipandishwa hadi 165 na kulishwa atamtoa aliyepo. Kocha akaitisha mchujo wa pili leo saa nne.

Mimi nilikatazwa kuhudhuria. Garrett alisema kwa upole, lakini alichukua ufunguo wa gari.

Nilimpikia mayai sita, nyama ya nguruwe, mikate, jamu yote ya Mama Brubaker. Sijamwona akila asubuhi tangu harusi. Alifumba macho. Saa tano akapiga simu: kumi na moja kwa mbili! Yumo ndani ya kumi! Bwana Pruitt hajali ratili, yeye anataka uso tu. Picha itapigwa Jumatatu, na nguruwe mmoja aliye hai.

Jumanne, 13 Januari

Mashine imefika. Inatetemeka, inatembea sakafuni yenyewe, inalia kama trekta. Opal hulala ikilia. Nimeketi mbele yake kama watu wanavyoketi mbele ya televisheni.

Jioni, hodi. Kocha Dvorak. Anasema tangu Micah aje, ameona hana mwenyeji mwingine kama mimi. Kuna kijana wa Ohio anakuja Ijumaa ijayo na mama yake. Nikauliza uzani.

165.

Usinihurumie, Lorna. Safari hii nimejifunza. Kosa langu lilikuwa ukweli. Ukweli unawavuta hawa akina mama kama inzi kwenye jamu. Kwa hiyo huyu wa Ohio hataona ndoo hata moja. Nyumba itang'aa hadi akose pa kukanyaga, nami nitatabasamu kama moshi na taa za ukumbini, hadi aone kwamba sisi ni watu wa maonyesho tu, akimbie. Kocha aliongeza kwamba mama huyu ni mpenda usafi kupita kiasi, chuo cha mwisho alikikataa kwa sababu ya bafu chafu. Sikumsikiliza sana, nilikuwa napanga.

Daftari nalituma kesho. Tafadhali nitumie kabla ya Ijumaa ijayo:

kitambaa cheupe cha meza cha bibi, kile chenye maua pembeni;

vishikio viwili vya mishumaa, vya shaba, na uvisugue, mimi sina muda;

sabuni ya bafu yenye harufu ya limau, chupa mbili;

taulo nne ambazo hakuna mtoto aliyezitumia;

taa zako za Krismasi, zile zinazowaka na kuzimika, zote;

na biskuti za Opal, pakiti mbili. Moja ni ya Garrett.