Ukuta Hauna Midomo

Jumatatu, 3 Februari 2025

"Ukuta uliozikwa kilimani huzibwa upande wa udongo, si upande wa chumba." Shemeji Benjamin huyo, kwenye kahawa, mbele ya watu. Upuuzi! Unyevu uko wapi? Chumbani. Basi dawa ipakwe chumbani. Aumwaye jino hapakwi dawa mgongoni.

Nyumba yangu inashuka mteremko wa Newala kwa ngazi tatu: juu mpangaji Haji, kati sisi, chini mpangaji mwingine, Mwalimu Brigita. Ukuta wake wa nyuma unavuja tangu Desemba. Nimemwazima ndoo zangu zote. Ameapa: usipokauka kufikia Ijumaa, anahamia Masasi. Akihama, Benjamin atanicheka mpaka msimu wa korosho.

Jumanne, 4 Februari

Benjamin anataka tufukue nyuma ya ukuta, tupake lami, tujaze kokoto. Majembe mwezi mzima! Mimi nimepata njia fupi: mafuta ya maganda ya korosho. Meusi, mazito, maji hayapenyi. Mke wangu, Mama Faidha, akaniambia yanababua midomo, kila mtoto wa hapa anajua. Nikamuuliza: ukuta una midomo? Akarudi jikoni. Nimeshinda.

Jumatano, 5 Februari

Nimepaka, kwa glavu. Harufu! Brigita kahamishia kitanda jikoni.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua kubwa. Ukuta mkavu! Nikamwita Benjamin ashuhudie. Nikaukumbatia ukuta, shavu kwa shavu. Nikamwambia naye aje akumbatie. Akajibu kwamba yeye ana mke. Wivu mtupu.

Ijumaa, 7 Februari

Shavu limevimba, jekundu kama bibo la mkorosho. Viganja vimebabuka. Muuguzi akaniuliza nani kanidanganya nibangue korosho kwa uso.

Kurudi nyumbani, sebule yangu bwawa! Maji yalinyimwa njia chini, yakapanda nyuma ya ukuta, yakatokea kwangu. Brigita kaghairi kuhama. Kanipa pole, akasema huko kwake chini ni kukavu kabisa. Benjamin kaja na viatu mkononi. Matusi makubwa hayo.

Jumamosi, 8 Februari

Nimetafakari. Newala nzima tunangoja pampu itusukumie maji kutoka bondeni. Mimi nimeyapandisha ghorofa moja bila pampu, bila umeme! Benjamin ajibu hilo. Kesho napaka ukuta wa sebule yangu. Glavu ninazo.

Tangazo la kubandika ngazini: Haji, ondoa godoro lako ukutani. Mwalimu Brigita, rudisha ndoo zangu, leo leo!