Nimemshukuru Kipa Aliyefungwa

Jamaa zangu, leo Muyinga imeniona. Nimeaibika mchana kweupe, kwa kipaza sauti, mbele ya uwanja mzima. Naandika haya ndani ya basi la kurudi Gitega, kiti cha nyuma kabisa (hakuna aliyenituma huku, nimejituma mwenyewe).

Kwa asiyenijua: mimi Swedi, fundi cherehani wa mtaa wa Musinzira, Gitega, mwongoza nyimbo wa kikundi cha mashabiki tunachokiita Sauti na Jembe. Tuna desturi yetu. Huwezi kwenda kuwapigia watu kelele kwao kabla hujawafanyia kazi. Timu yetu ikicheza ugenini, tunafika asubuhi na majembe, tunauliza wenyeji wana shida gani, tunaanza kazi. Mchana ndio tunaimba.

Kuna jambo la pili, na hilo ndilo lililoniponza. Mwongoza nyimbo hatazami mpira. Anaupa uwanja mgongo na kuwatazama watu wake. Wakikunja uso, tumebanwa. Wakiruka, tumefunga. Miaka yote nimeongoza hivyo, na sikuwahi kukosea. (Sawa, mechi iliyopita nilianzisha wimbo wa ushindi kabla ya kipenga cha mwisho, tukasawazishiwa. Msinikumbushe.)

Basi leo alfajiri, kabla hatujaondoka, Mama Zuhura, mwenyekiti wetu, akanisimamisha mbele ya wote.

"Swedi, leo ukiharibu tena, ile kipaza sauti mi nampa Amisi. Na haitarudi kwako."

Amisi ni shemeji yangu. Alitabasamu, akajikohoza kidogo kama mtu anayejaribu koo. Niliumia. Cherehani inanilisha, lakini kipaza sauti ndicho kinachofanya mtaa mzima unijue kwa jina. Nikaapa kwamba leo sikosei.

Mafuta ya basi yalipatikana, Alhamdulillah, na asubuhi tukawa Mwakiro, huko huko Muyinga. Kina mama wa huko wana chemchemi nzuri, ila njia yake ni tope tupu, wanateleza na bidoni za maji kichwani. Tukachimba mfereji, tukapanga mawe. Mara wakatokea mashabiki wa Muyinga wenyewe, na jezi zao nyekundu, na majembe yao. Mkubwa wao, Selemani, muuza duka, akasema hawawezi kukaa tu wakati wageni wanawatengenezea maji. Hapo mvua ikashuka. Tukafanya kazi bega kwa bega mpaka huwezi kujua nani mwekundu, nani wa kijani. Wote tulikuwa rangi ya udongo.

Mama mmoja mwenye nyumba karibu akatupikia maharage na ndizi, sufuria kubwa ya kutosha kijiji. Nimekula harusi nyingi, lakini chakula cha leo nitakikumbuka. Tulimshukuru, akakataa kushukuriwa. Akasema tangu leo atateka maji bila kumtaja Mungu kwa hofu.

Sasa sikilizeni wema wangu ulivyonigeuka. Sisi tulikuwa na jezi kavu ndani ya basi, na mimi nilikuwa na furushi la ziada, jezi za kijani nilizoshona kwa mkono wangu. Wale ndugu wa Muyinga walikuwa wanatetemeka. Nikafungua furushi.

"Mi nivae kijani?" Selemani akauliza. "Na bibi yangu iko uwanjani?"

"Vaa, ndugu yangu. Leo hakuna Gitega, hakuna Muyinga. Iko udongo tu."

Wakavaa. Tukapanda basi pamoja, tukaingia uwanjani pamoja. Nani aliyewapanga safu ya mbele kabisa, kama wageni wa heshima? Ni mimi. Amisi akaninong'oneza, "Swedi, hawa si wangekaa kwao?" Nikamwambia aache roho mbaya. (Shemeji, ukisoma hapa, nisamehe.)

Mpira ukaanza. Nikageuka, nikaupa mgongo, nikashika kipaza sauti. Tuliimba mpaka safu za juu zikatetemeka. Nyuso zilikuwa nzuri, safu ya mbele hasa. Nikasema moyoni, leo Mama Zuhura mwenyewe ataniomba radhi.

Ghafla safu nzima ya mbele ikaruka juu. Jezi zangu zote hewani! Selemani amemkumbatia jirani yake, machozi yanamtoka.

Sikusubiri. Bao letu lina wimbo wake, wimbo wa shukrani. Mimi nataja mtu, wenzangu wanaitikia. Na siku zote tunaanza na kipa, kwa kuwa mpira mzuri huanzia nyuma.

"Asante kipa wetu!" nikanguruma.

"Tunashukuru!" safu ya mbele ikaitikia kwa nguvu zote.

"Asante mabeki wetu, kwa kazi yao!"

"Tunashukuru!"

Nikaona safu za nyuma hawaitikii. Nikadhani wamechoka na majembe. Nikaongeza sauti. "Kipa, simama tukuone! Haki yako hiyo!"

Halafu upande wa pili, ule wa jezi nyekundu, wakaanza kucheka, kicheko kikatembea mpaka kikatufikia. Mama Zuhura alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"We Swedi," akasema taratibu, "ile bao ni ya wale. Geuka uangalie."

Nikageuka. Kipa wetu alikuwa bado amekaa chini golini, mpira uko nyuma yake, ananitazama mimi. Sio mfungaji. Sio refa. Mimi.

Mama Zuhura akashuka, akanyoosha mkono. Nikampa kipaza sauti. Akampa Amisi. Mimi nikaenda kukaa safu ya mbele. Selemani akanisogezea nafasi, akanipa karanga zake na kusema, "Pole sana. Sisi toka tuzaliwe hatujawahi kushukuriwa namna ile." Watu wa Muyinga wangeweza kunizomea mpaka jua lizame. Badala yake walinilisha karanga. Sitawasahau.

Basi, sina kazi, nikautazama mpira. Jamani. Kumbe winga wetu, yule ninayemwimbia kila wiki "mguu wa kulia, mguu wa baraka," anatumia mguu wa kushoto! Na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia.

Karibu na mwisho, huyo huyo winga akachukua mpira pembeni, akapita mmoja, akapita wa pili, akapiga. Ule mguu wa kushoto. Nyavu zikatikisika na mimi nimeona, kwa macho yangu haya, bao la timu yangu, la kwanza tangu nipewe kipaza sauti. Wote waliruka. Mimi nilibaki nimekaa, nalia kama mtoto, na Selemani, aliyefungwa mwenyewe, ananipigapiga mgongo.

Nikamsikia Amisi akianza, "Asante kipa wetu!" Kipa akageuka kwanza kuangalia ubao wa matokeo. Ndipo akapunga mkono.

Mechi imeisha sare. Sasa hivi Mama Zuhura amekuja mpaka huku nyuma, ameweka kipaza sauti mapajani mwangu.

"Bon, chukua. Amisi anaimba kama mbuzi."

Nimeshukuru kwa moyo wote. Halafu nimemwambia, "Mama, mechi ijayo kipindi cha kwanza aimbe Amisi. Mi nitaimba cha pili. Nataka kuwaona wakicheza." Amenitazama, amekaa pembeni yangu.

Ombi langu kwenu ni moja. Mkikutana nami Musinzira, msicheke. Ukishindwa kabisa, cheka, ila kwanza niambie: hiyo jezi ya kijani umeivaa kwa kuwa wewe ni wa timu yetu, au ni mimi niliyekuvisha?