Uvimbe Uliokula Mahindi

Nyanda hakuwa mgonjwa. Alikaa kwenye benchi la hospitali pale Bariadi kwa sababu kivuli ni cha bure, na masikio yake hayapendi kukosa kazi. Ndipo akamsikia Kwandu, mwanamke wa Kasoli, akimsimulia mumewe Mboje majibu ya ultrasaundi: tumbo hili la miezi sita si mimba, ni uvimbe kwenye kizazi. Ndio unaomwaga damu wiki mbili kila mwezi.

"Tuuze lile dume la ng'ombe, nikapasuliwe."

"Wakitupe kizazi? Weee! Kwanza nani kakurushia mdudu huyo?"

"Daktari kasema haurushwi. Unaota tu, hata wao hawajui kwa nini."

Hawajui! Nyanda moyo ukamruka. Pale mtaalamu anaposema hajui, tapeli anajua kila kitu.

"Mwangaluka, mayu," akainuka kumwamkia mama huyo kwa Kisukuma, kofia kifuani. "Mimi natoa uvimbe bila kisu. Mnipe hilo dume tu, tuwe tumemalizana."

Ufundi wake ulikuwa mdogo lakini mtamu: firigisi ya kuku kiganjani, damu kidogo, kelele nyingi. Watu wa Lingeka walimshukuru sana, mpaka wagonjwa wakaanza kurudi na matumbo yao. Akaona heri kuhama.

Mboje akakubali kabla hajamaliza kusikia. Kwandu akamtazama mganga kuanzia viatu hadi kofia.

"Sawa. Ila iwe gulioni Kasoli Jumamosi, watu waone. Na ukishindwa, utafanya nitakalokuambia."

"Mayu, mimi nishindwe?"

Jumamosi asubuhi akapita kwa Apolonia, muuza kuku pale gulioni, akaomba firigisi moja na damu kidogo.

"Nimekuchagulia iliyonona," Apolonia akasema, akamfungia kwenye gazeti.

Nyanda hata hakuiangalia. Alikuwa analitazama dume pale lilipofungwa, limeshiba hadi ngozi inang'aa, na kichwani mwake alishaliuza zamani.

Kwandu akalala kwenye mkeka. Nyanda akakanda tumbo, akaita majini kwa majina ambayo majini wenyewe wangeyakana. "Toka, mshenzi! Toka!" Chubwi! Kitu chekundu kikaanguka kwenye beseni. Vigelegele vikapigwa, Mboje akafuta machozi.

"Haya, nifungulieni dume."

"Subiri kwanza," Kwandu akaketi. "Mbona tumbo liko palepale?"

"Litanywea, mayu. Siku saba."

"Basi mdogo wangu anaomba auone huo uvimbe."

Mdogo wake akatoka katikati ya watu, kisu mkononi. Alikuwa Apolonia.

Siku zote Apolonia hupasua firigisi na kuziosha kabla ya kuuza. Hii aliiacha kama kuku alivyokufa nayo. Akaichana mbele ya umma, na ndani mkamwagika mahindi na vijiwe.

"Dada, kumbe huu uvimbe wako unakula mahindi?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mboje hakucheka. Aibu ilimgeuka hasira, akanyanyua fimbo.

"Mwache!" Kwandu akasema. "Bado ana kazi. Nimepungukiwa damu, na hospitali wanataka ndugu wa kuchangia. Dokta, wewe si ndugu yangu?"

Nyanda akapima: fimbo au sindano. Akachagua sindano.

Dume likauzwa. Nyanda akafikishwa hospitali katikati ya shemeji wanne wa Mboje wenye mikono mipana, akalazwa, mfuko ukajaa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze uganga, damu ilikuwa yake mwenyewe.

Shemeji wakamweka kwenye lile benchi lake la zamani, na soda ya wachangia damu, mpaka Kwandu atoke salama kwenye upasuaji. Akatoka salama, na kizazi chake. Baadaye maabara wangesema si saratani, lakini kwanza daktari alimwonyesha Mboje, palepale benchini, uvimbe wenyewe, mkubwa kama kichwa cha mtoto.

Mboje akauinamia. Kisha akamgeukia Nyanda, akamtazama, akarudi kwa daktari.

"Samahani, daktari," akasema kwa adabu. "Hebu uuchane kidogo. Nihakikishe hauna mahindi."