Mumbere Hawezi Kuwa wa Ishirini na Tisa

Butembo, mwezi wa sita 1965

Kwa Bwana Mbusa, Mkurugenzi wa Shule ya Msingi ya Serikali

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa hasira ambayo nimeikunja vizuri ili isikuangukie. Mwalimu Kasika ameniambia kwamba mwanangu Esdras Mumbere, wa darasa lake la tano, amewekwa wa ishirini na tisa. Wa kwanza ni Nasiba, binti wa Ramazani mwenye lori, aliyekimbia kutoka Beni pamoja na wazazi wake wakati waasi walipoingia. Siku ya kutangaza matokeo ni keshokutwa. Ndugu zangu wa Alimbongo wako njiani na vitunguu vyao, mbuzi amekwisha kufungwa nyuma ya nyumba, na wote nimewaambia kwamba mtoto wa kwanza, atakayepanda juu ya meza mbele ya wazazi, ni wetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wewe ni Mnande kama mimi, sina la kukufundisha, lakini huenda barua hii ikafika kwa wakubwa wa mbali. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo hadi mama achoke. Sasa nieleze: mtu aliyekuwa wa kwanza tangu siku ya kuzaliwa, mbele ya mashahidi, anakuwaje wa ishirini na tisa kwa sababu ya hesabu za kugawanya?

2. Nasiba jina lake halionyeshi nafasi yoyote. Nilimuuliza mama yake, Mwanvua, huyu ni mtoto wa ngapi. Alicheka, akasema ni Nasiba tu. Shule imempaje nafasi mtu ambaye hata kwao hawakumpa?

3. Mtoto huyo amekulia ndani ya lori la baba yake, kati ya Beni na Kasindi. Pale Kasindi, mpakani, wabadilisha fedha wanagawanya na kuzidisha kwa mdomo tangu alfajiri, naye alikuwa akisikia. Wetu wamejifunza hesabu kwa maharagwe, na maharagwe yenyewe tunayala kabla somo halijaisha. Huo si ushindani wa haki.

4. Zamani shule hii ilikuwa ya watoto wa walimaji watupu. Walishindwa wote pamoja, kwa amani, na hakuna mzazi aliyemcheka mwenzake. Mwaka huu watoto wa wakimbizi wameingia kwa wingi, wengi wao wa wafanyabiashara na wenye magari, na mkaguzi amesema mbele yetu kwamba shule imepanda sana. Nani aliomba ipande? Tangu siku hiyo kila mzazi anarudi nyumbani na kumwangalia mtoto wake kwa muda mrefu.

5. Hili linaniuma zaidi. Kila jioni Nasiba anakuja jikoni kwetu, anakaa karibu na moto pamoja na Esdras, anakula viazi vyetu, na kumwuliza maswali. Wanasema wanarudilia masomo. Mimi nimewatazama vizuri. Yeye anauliza, Esdras anajibu. Na jibu likishatoka mdomoni mwa Esdras, linabaki kwa nani? Kwa Nasiba. Kwa hiyo akili iliyomweka wa kwanza nusu yake ni ya nyumba yangu, bila kuhesabu viazi.

Kwa hayo yote naomba matokeo yapangwe upya kufuata kuzaliwa. Watangulie akina Mumbere, wafuate akina Kambale, halafu Kasereka, mpaka mwisho. Wasio na majina ya namna hiyo wakae kwenye benchi la pembeni, kwa heshima, wapigiwe makofi ya wageni. Mtihani hautahitajika tena, na chaki itabaki nyingi.

Haki haichagui, kwa hiyo utaratibu huo uwahusu walimu pia. Najua Mbusa ni mtoto wa sita. Mfagiaji wako ni Mumbere, basi yeye ndiye atakuwa mkurugenzi, nawe utapokea ufagio baada ya wengine wanne kuukataa. Usione nakudharau, ni mambo ya mama yako.

Sitaficha kwamba mke wangu Emérence hakubaliani nami. Nilipomsomea barua hii alisema: “Papa Esdras, ile jina tulimupatia ya kuzaliwa, haiko ya kalasi.” Namwacha na mawazo yake kuhusu darasa.

Tena, meza ile wanayopandia watoto ina mguu mmoja mbovu. Itengenezwe, mwanangu asije akaanguka siku ya heshima yake.

Nisalimie Mwalimu Kasika, ambaye simlaumu sana, nisalimie walimu wengine, mfagiaji, na wote walioko ofisini. Pokea heshima za mzazi anayengoja jibu akiwa amesimama.

Malachie Vagheni,
mlimaji wa vitunguu, baba wa Mumbere

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kufunga barua, nimeifungua tena. Sikuli, jirani yangu, amepita na habari kwamba barabara ya Beni imefunguliwa, na Ramazani anapakia lori waondoke kesho. Basi Nasiba hatakuwapo, na kila mtoto atasogea mbele nafasi moja. Nimepata nilichotaka hata kabla hujanijibu.

Lakini Esdras amekaa karibu na mbuzi tangu aliposikia, hataki kula. Mama yake amenikumbusha kwamba kabla ya Nasiba kuja jikoni kwetu Esdras alikuwa wa mwisho kabisa. Mimi mwenyewe sijui nani atamwuliza maswali, na sasa naona viazi vimepikwa vingi mno.

Bwana Mkurugenzi, nakuomba utangaze matokeo kesho asubuhi, kabla lori halijaondoka. Nasiba apande yeye, kama ulivyopanga. Mbuzi nampeleka sasa hivi kwa Amisi, mdogo wake Ramazani, amchinje kwa desturi yao ya Kiislamu, ili wao pia wale kabla ya safari. Watu wa Alimbongo wakifika watakuta mchuzi, nami nitawaeleza.

Ile meza, kama haijatengenezwa, mguu wake mbovu nitaushika mimi.

M. V.