Boti Yenu Haina Waya

Kwa Meneja,
Boti za Kuzunguka Kisiwa,
Ofisi ya gatini, mlango wa bluu unaokwama.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDHALILISHWA KWA MTAALAMU WA VYOMBO VYA MAJINI MBELE YA WAKWE WATARAJIWA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana niliyonayo si ya kusomwa mtu akiwa wima. Mimi ni Mjomba. Ndivyo ninavyofahamika mtaani kwetu, hata kwa watu walionizidi umri, na hata karani wako wa tiketi aliniita hivyo kabla hatujajuana. Darasani sikukaa sana, lakini ni kwa sababu mwalimu mwenyewe alisema hana tena la kunifanya.

Nikueleze kilichotuleta kwenu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi cherehani ambaye akikushonea suruali hata deni linakuogopa, amechumbiwa na kijana mmoja fundi wa friji. Msemaji wa familia yetu ni mimi. Siku wazazi wa kijana walipokuja kwetu mara ya kwanza, sebule ilikuwa kimya hadi unasikia soda inavyochemka kwenye glasi. Nikaona niwachangamshe. Nikawasimulia kidogo tu habari za unahodha wangu: nilivyoikata dhoruba mkono mmoja usukani, mkono mwingine kikombe cha chai, na chai isimwagike, na yule nyangumi aliyenifuata siku nzima akitaka nimwelekeze njia. Mama wa kijana akasema, kwa kuwa mjomba ni mtu wa bahari, basi familia hizi mbili zikafahamiane vizuri kwenye boti, tuzunguke kisiwa. Dada yangu akanitazama. Mimi nikasema haina neno, ila nitajizuia nisiwafundishe kazi wenye boti yao.

Unahodha wangu ulikuwa wa pantoni, kile kivuko cha mtoni kinachovutwa kwa waya mnene kutoka ukingo huu hadi ule. Mimi nilikuwa mtu wa kamba: nafunga, nafungua. Wapo wasioelewa wanaosema hiyo si kazi ya nahodha. Nawauliza, chombo kisipofungwa kinakaa? Kisipofunguliwa kinakwenda? Sasa nahodha ni nani?

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Boti yenu haina waya. Nililigundua hili nilipoinama kuchungulia chini ya gati. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma: hakuna waya, hakuna nguzo ya kufungia waya, hakuna hata dalili kwamba waya uliwahi kuwepo ukaibiwa. Chombo kimeachiwa tu majini kama mbuzi asiye na mwenyewe. Nikamwuliza karani wako, kwa upole, boti inajuaje njia. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Inaendeshwa, mjomba." Hilo ni jibu la ofisi? Miaka yote niliyokuwa kazini pantoni yetu haikupotea hata siku moja.

2. Nahodha wenu. Ni binti, kofia ameigeuzia kisogoni, miguu peku. Sina neno na wanawake kuongoza. Nyumba yetu inaongozwa na dada yangu na wote tunamwogopa vizuri tu. Nilimsogelea kwa heshima ya watu wa kazi moja, nikamwomba anipishe usukani kidogo, picha moja tu, wakwe waone. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma, "Baba, kaa chini, unaniziba." Ndugu Meneja, nimzibe nini? Mbele yake palikuwa na bahari tupu! Baba wa kijana akakohoa. Yule ni mtu asiyetumia maneno ovyo, anauza vipuri vya baiskeli, na kwake yeye kukohoa ni hotuba.

3. Mwongozaji wenu na kipaza sauti chake. Nilikuwa nimewaandalia wakwe maelezo yangu ya pwani ile, lakini kila nikifungua mdomo naye anafungua wake, na wake una betri. Tulipofika kwenye ule mwamba mweusi uliotoboka katikati, niliwaeleza kwamba tundu lile nililitoboa mimi, kwa bahati mbaya, nikikwepa kisiwa. Mwongozaji akatangaza kwamba tundu limechongwa na mawimbi kwa maelfu ya miaka. Mama wa kijana akanigeukia: "Heh, mjomba! Kumbe umri umeuficha!" Boti nzima ikacheka. Nikasema nilimaanisha tundu la pili. Hapakuwa na tundu la pili. Naomba litobolewe.

4. Pwani yenyewe imezidi. Upande huu mchanga mweupe, upande ule mapango, minazi imeinama kama inataka kunywa maji, ndege wamejaa ukingoni mwa jabali kama nguo zilizoanikwa. Msimuliaji atapumulia wapi? Nilikuwa nimefika penye utamu wa kisa cha nyangumi, mara kasa akatoa kichwa upande wa pili wa boti. Wakwe wote wakahamia huko, nikabaki kukimalizia kisa kwa koti la mtu lililokuwa kitini. Mimi natoa nyangumi mzima, wao wanakimbilia kasa! Naomba pwani ipunguzwe.

Aidha, maji yenu yako wazi mno. Mtu anaona samaki, anaona mchanga, anaona kivuli cha boti kinatembea huko chini kabisa, na hapo ndipo akili inapoanza kujiuliza maswali. Maji ya mto wetu ni ya kahawia, yana adabu, hayamwonyeshi mtu kina chake. Niliyafanyia kazi bila hofu kwa sababu sikuwahi kuambiwa yanaishia wapi.

5. Rasi. Tulipoipinda ile rasi ya upande wa upepo, bahari iliinuka, na hakuna aliyenitaarifu. Boti ikapanda, ikafikiri, ikashuka. Kwa uzoefu wangu nikaona ni busara kukagua mbao za sakafuni. Ukaguzi huo niliufanya kwa mikono na magoti. Nisiteleze, nikakumbatia nguzo iliyokuwa karibu, ambayo baadaye ilibainika kuwa ni mguu wa baba wa kijana. Nilitoa amri kadhaa za kibaharia, za lugha ya zamani, abiria wasizielewe. Chai ya asubuhi nayo ikaomba ruhusa ya kutoka, nikairuhusu. Kiatu cha baba wa kijana kilikuwa hapo hapo. Nahodha wenu alicheka akiwa kazini. Mama wa kijana alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniona tena, akaivua.

6. Hamkutufikisha popote. Pantoni ina ng'ambo. Mtu anapandia hapa anashukia kule, na akishuka anajua kwamba amesafiri. Ninyi mlituzungusha kisiwa kizima mkaturudisha kwenye gati lile lile, mlango ule ule unaokwama, karani yule yule na simu yake. Kama shida ilikuwa kufika pale, tulikuwa tumeshafika toka asubuhi, na mimi nilikuwa bado mtu wa maana.

Sasa usidhani haya ni mambo ya kucheka tu. Tuliposhuka, wazazi wa kijana walituaga haraka haraka, wakasema, "Tutaleta neno." Mpaka leo hawajaleta. Hiyo ni sauti ya mtu anayerudisha shati dukani. Dada yangu hanisemeshi. Akitaka nihame kitini anaiambia meza. Akitaka nile anawaambia majirani kuwa kuna chakula.

Anayeniumiza zaidi ni mpwa wangu, kwa sababu yeye hanilaumu. Anakaa kwenye cherehani yake pale barazani, anakanyaga, gurudumu linazunguka, na chini ya sindano hakuna kitambaa. Juzi nilimpelekea kisa kipya kabisa cha papa aliyekuwa na wivu, nikijua lazima acheke. Akaniambia, "Mjomba, basi." Binti yule nimembeba mgongoni, nimemdanganya toka hajaota meno, na hajawahi kuniambia basi.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na naamini hayazidi uwezo wa ofisi. Kwanza, mfunge waya kuzunguka kisiwa chote. Nguzo mtaziona wenyewe pa kuziweka, mimi nitakuja kukagua. Pili, nahodha wenu afike nyumbani kwetu, kofia ikitazama mbele, aseme mbele ya wazazi wa kijana kwamba alinitambua tangu mwanzo ila aliona haya kushika usukani nami nikiwepo. Tatu, mniandikie barua yenye muhuri, muhuri mkubwa, kwamba lililotokea rasini lilikuwa zoezi la uokoaji, kwamba kampuni iliniomba nilifanye, na kwamba nililifanya kwa kiwango cha juu, kutapika kukiwemo. Mkishindwa hayo yote, basi naomba muizamishe ile boti, taratibu, ikiwa haina mtu, ili angalau niweze kuwaambia wakwe kwamba nilitabiri.

Mpe salamu karani, na ikiwezekana umpe akiwa ameinua macho. Msalimie mwongozaji pamoja na betri zake. Nahodha naye msalimie, ila salamu zake zisiwe za moto sana. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa mimi.

Ni mimi, mwenzenu katika kazi za maji,

Mjomba
(Mtu wa Kamba, Mstaafu)

Nyongeza: Ndugu Meneja, usifanye lolote kati ya hayo. Nilikuwa nalamba bahasha nikasikia hodi, na ni wazazi wa kijana wenyewe. Wameleta neno. Mama ndiye aliyezungumza. Kumbe tangu siku ile ya kwanza sebuleni walishakubaliana kimya kimya kuuvunja uchumba. Waliogopa. Walisema ukoo ulio na mtu wa kukata dhoruba na chai mkononi utawaona wao wauza vipuri si kitu, na kijana wao atateswa kwa masimango. Safari ya boti ilikuwa ya kutuaga kistaarabu. Ndipo pale rasini wakasikia mtu mzima analia, "Mama yangu nakufa, mama njoo unichukue," huku amekumbatia mguu wa mkwe. Mama wa kijana anasema walitazamana, na hapo hapo wakajua sisi ni watu wenzao. Kuchelewa kote huku ni kwamba walikuwa wanapita kwa ndugu zao nyumba kwa nyumba kuwatoa hofu, na kila nyumba baba wa kijana, yule wa kukohoa, ililazimu alale sakafuni awaonyeshe nilivyofanya.

Mpwa wangu amecheka mpaka ameegemea mlango. Dada yangu ameniita kwa jina langu kabisa.

Basi naomba mtuwekee boti ile ile, isiyo na waya, kwa siku ya kusindikiza harusi. Nahodha awe yule yule, na anikatalie usukani kwa sauti ile ile, ikibidi azidishe. Ukoo wao mzima unakuja, na kuna shangazi yao mmoja ambaye bado ana wasiwasi na sisi. Tafadhali mtuchagulie siku ya mawimbi.