Usiguse Faili Hili

Jumatatu, 3 Juni
Bosi katangaza: Ijumaa mteja anakuja kuijaribu lifti yetu. Atakayeng'ara ndiye mkuu wa kitengo. Miaka kumi na mitano naandika programu za mashine kwa mkono, mstari kwa mstari. Kiti ni changu! Kikwazo ni kimoja: shemeji, mdogo wa mke wangu. Barua yake ya maombi niliipeleka mwenyewe. Nimejipalia makaa. Haandiki, anachora. Visanduku na mishale, basi. Akibonyeza kitufe, kompyuta inaandika yenyewe mistari elfu nne kabla ya chai. Nimeikagua yote nikitafuta kosa. Hakuna! Inauma, lakini ni safi kuliko zangu zote.

Mbinu: nimechomeka ndani ya faili la programu hiyo breki yangu ya upole, lifti isimame bila kuwarusha watu. Juu ya faili pameandikwa USIGUSE FAILI HILI. Maonyo hayo ni ya wanagenzi.

Jumanne, 4 Juni
Breki imetoweka! Mistari sitini yote. Huu ni mkono wa mtu. Nimeandika upya. Mke wangu kasema mdogo wake haibi. Damu nzito kuliko maji.

Jumatano, 5 Juni
Imetoweka tena. Mchana nikajibanza nyuma ya kabati la nyaya. Shemeji kaingia, kasogeza mshale mmoja, kabonyeza kitufe. Faili lenye breki yangu hakuligusa kabisa. Nikapiga chafya. Akauliza, bila kugeuka, kama nahitaji dawa ya mafua.

Alhamisi, 6 Juni
Kanieleza mwenyewe, kwa upole unaotia aibu. Kila akibadilisha mchoro, kompyuta hufuta programu nzima na kuiandika upya. Kisichokuwemo kwenye mchoro hakiishi. Kanionyesha na tabaka la kati la programu, analoliita tarishi: linachukua habari za vitufe na kuzifikisha kwa mota na milango. Hata tukibadilisha mota kesho, milango haitajua. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Nilitaka kupiga makofi. Nikasema nilikuwa najua.

Aliomba nimpe breki aichore. Nikampa, shingo upande. Sasa nani atajua ni yangu?

Ijumaa, 7 Juni
Niliwahi kazini. Shemeji alikuwa ameshamaliza, nami, kwa mkono, ndani ya faili lilelile, nikampa tarishi ujumbe mmoja wa ziada: kila ghorofa, lifti iseme, "Breki hii ni ya Mtaalamu." Ndiyo lakabu yangu. Nilijipa mwenyewe.

Tukapanda mimi, bosi na mteja. Breki ikashika, mteja hata hakuyumba! Lifti ikasema. Ikasema tena. Nilisahau kumwambia tarishi pa kukomea, na milango ilikuwa inangoja zamu yake. Mara mia mbili na kumi. Bosi alihesabu. Nje, shemeji akabonyeza kitufe chake, programu ikaandikwa upya, milango ikafunguka.

Mkuu wa kitengo ni yeye. Na bado, mbele ya wote, alisema breki ni wazo langu. Akaonyesha kisanduku kwenye mchoro, kina jina langu. Kilikuwepo tangu jana. Nimelia kidogo chooni.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kaja kula kwetu. Nimemwapia mbele ya mke wangu: sigusi tena programu iliyoandikwa na kompyuta. Mwiko! Kiti anakistahili, na nimemwambia hivyo.

Ila nikiosha vyombo nimewaza. Hicho kinachoandika programu nacho ni programu, tena iliyoandikwa kwa mkono wa mtu. Kina faili lake. Nimelichungulia kutoka hapa nyumbani. Juu pameandikwa USIGUSE.

Jumatatu nitawahi.